Mkasi wa Lady Filmer

Ukurasa ninaotaka kuwasomea leo hauna hata neno moja lililoandikwa. Ni ukurasa wa albamu ya picha. Ulitengenezwa Uingereza katikati ya miaka ya 1860, na kwa kuwa redio haina macho, nitajitahidi kuwaeleza kilichomo.

Pana sebule ya nyumba ya kifahari. Sebule yenyewe, kuta zake na fanicha zake, imechorwa kwa brashi na rangi za maji. Lakini watu waliomo hawakuchorwa. Ni picha za kamera. Kila mmoja amekatwa kwa mkasi kwa kufuata umbo lake, kichwa, mabega, mpaka mikunjo ya gauni, kisha akabandikwa kwa gundi mahali pake. Mwenye nyumba, Lady Filmer, amesimama kando ya meza. Juu ya meza kuna albamu zake na chombo cha gundi, yaani vifaa vile vile vya kazi aliyokuwa akiifanya. Karibu naye, penye meza hiyo hiyo, yupo mwanamume kijana aliyevaa vizuri. Huyo ni Albert Edward, mwana wa Malkia Victoria na mrithi wa kiti cha enzi, ambaye mwaka 1901 angekuwa Mfalme Edward wa Saba. Na mume wa Lady Filmer? Yumo. Sir Edmund ameketi pembeni, mdogo wa umbo kuliko mgeni wake, jirani na mbwa.

Kamera haikuwahi kuwaona watu hawa wamekaa hivi. Kila picha ilipigwa kwa wakati wake. Ni mkono wa mwanamke mmoja uliowakusanya chumbani, ukaamua nani aonekane mkubwa na nani mdogo, nani akae karibu na nani. Ukaribu wa bibi huyu na mwana wa malkia ulikuwa ukisemwa wakati ule, na walikuwa wakipelekeana picha. Yeye hakuuficha. Aliuweka katikati ya sebule, ndani ya kitabu ambacho wageni wangekifungua.

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya mabibi hawa na albamu zao, kwa sababu naamini hatujawapa haki yao. Kwa miaka mingi kazi yao ilihesabiwa kuwa mchezo wa wanawake wasio na shughuli. Mimi nasema walikuwa wakiandika. Kamera ilipofika, iliwaweka watu wote kwenye kipimo kimoja, mkubwa na mdogo. Mabibi wa tabaka la juu wakashika mkasi, wakaanza kuwapanga upya.

Tuanze na hiyo kamera. Mwaka 1839, huko Paris, ilitangazwa njia ya Louis Daguerre ya kunasa sura ya mtu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha ile ilikuwa moja tu, haina nakala, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer akatoa njia ya kutumia kioo, na kutoka kioo kimoja mtu aliweza kuchapa nakala nyingi juu ya karatasi iliyopakwa ute wa mayai. Kisha mwaka 1854 Mfaransa mmoja, Disdéri, akasajili hataza iliyobadilisha kila kitu. Alipiga picha kadhaa ndogo katika bamba moja, kwa kawaida nane, akazichapa pamoja, akazikata na kuzibandika kila moja juu ya kadi ngumu. Kadi hiyo ilikuwa na upana wa sentimita 6 hivi na urefu wa sentimita 10, karibu sawa na kadi ya jina ambayo watu wa heshima walikuwa wakiiacha mlangoni walipokwenda kutembeleana. Ndiyo maana picha hizi zilijulikana kwa jina la kadi za ziara.

Uingereza ilishikwa na homa ya kadi hizi kuanzia mwaka 1860. Mwezi Agosti mwaka huo mpiga picha John Mayall alitoa seti ya picha za Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao, zikauzwa madukani kwa yeyote mwenye pesa. Malkia mwenyewe alikuwa mkusanyaji mkubwa. Bibi mmoja wa baraza lake, Eleanor Stanley, aliandika mwaka huo huo kwamba alikuwa kwenye kazi ya kuwaandikia mabibi wakubwa wa London, akiwaomba picha zao na za waume zao kwa ajili ya albamu za malkia. Hebu fikirini hadhi ya barua hiyo. Kuombwa picha na malkia ilikuwa kama kupewa kiti.

Albert alipofariki Desemba 1861, inasimuliwa kwamba katika juma moja ziliagizwa kadi 70,000 za sura yake kutoka kampuni moja tu ya London. Na mwaka 1868 ndugu wawili Downey walimpiga picha Alexandra, mke wa yule mrithi, akiwa amembeba mgongoni bintiye mdogo Louise. Inasemekana zilitoka nakala 300,000. Sisi ambao mgongo wa mama ndio kitanda cha mtoto tunaweza kujiuliza Waingereza walishangaa nini. Walishangaa kumwona binti mfalme akifanya kwa mgongo wake kazi ambayo nyumba kama yake iliwaachia yaya.

Sasa, wasikilizaji, tazameni tatizo lililozaliwa hapo. Kabla ya kamera, sura ya mtu ukutani ilikuwa dalili ya ukoo na mali. Mchoraji alikaa na familia majuma mengi, turubai likawa kubwa kama mlango, na wajukuu wakarithi. Baada ya kamera, picha ya bwana mwenye mashamba ya kata nzima ni sentimita 6 kwa 10, na picha ya karani wa duka nayo ni sentimita 6 kwa 10. Zote mbili zimepigwa mbele ya pazia lile lile la studio, kando ya nguzo ile ile ya mbao iliyopakwa rangi ionekane marumaru. Karani anaweza kukodi nguzo kwa dakika chache. Dirishani mwa duka, askofu anauzwa jirani na mwigizaji wa jukwaani, na waziri mkuu jirani na mhalifu aliyevuma magazetini, kila mmoja kwa shilingi moja au moja na nusu.

Kwa watu ambao maisha yao yote yalijengwa juu ya daraja, jambo hili halikuwa dogo. Tabaka lile lilijiita watu elfu kumi wa juu. Lilifahamiana kwa majina, kwa ndoa, kwa shule za wavulana wao, na kwa msimu wa London, miezi ya masika na kiangazi ambapo familia kubwa ziliacha mashamba zikahamia mjini kwa karamu, mbio za farasi na mabinti kupelekwa mbele ya malkia. Waliotunza mtandao huo walikuwa wanawake. Mume alikaa bungeni au klabu. Mke alijua nani atembelewe na nani asitembelewe, kadi ya nani irudishwe kesho na ya nani iachwe kwenye sinia pale ukumbini. Kukunja pembe moja ya kadi kulimaanisha kwamba mtu alikuja mwenyewe, hakumtuma mtumishi. Tusidhani ilikuwa kazi nyepesi. Ndoa za mabinti zilipita humo, na vyeo vya wana pia.

Kwa hiyo mwanamke yule alipopata kadi za picha mia mbili au tatu, alikuwa na hesabu kamili ya jamii yake mkononi. Dukani ziliuzwa albamu za ngozi zenye vifungo vya shaba na kurasa zilizokwisha kutobolewa nafasi, picha moja, mbili au nne kwa ukurasa. Unachomeka, basi. Familia nyingi za tabaka la kati zilifanya hivyo: malkia ukurasa wa kwanza, wachungaji na majenerali, kisha baba, mama na watoto. Mgeni akikaribishwa anapewa albamu afungue huku akisubiri chai, kama tunavyofanya sebuleni kwetu mpaka leo.

Lakini mabibi wa juu kabisa, baadhi yao, hawakuridhika na nafasi zilizotobolewa kiwandani. Walinunua vitabu vyenye kurasa tupu. Wakatoa rangi za maji, ambazo kila binti wa nyumba kubwa alifundishwa tangu utotoni. Wakakata.

Frances, Lady Jocelyn, alikuwa binti wa kufikia wa Lord Palmerston, waziri mkuu. Katika albamu yake kuna ukurasa wenye picha tisa za jamaa wa Palmerston, zimepangwa kwa umbo la almasi na kuzungukwa na matawi ya mcheri yaliyochanua, aliyoyachora mwenyewe. Siku hizi albamu hiyo iko Australia, katika jumba la taifa la sanaa. Ukiangalia haraka utasema ni maua mazuri. Ukiangalia kwa utulivu unaona ukoo uliotawala Uingereza umewekwa kwenye mti mmoja na mwanamke ambaye hakuwa na kura.

Wengine walithubutu zaidi. Katika albamu inayoitwa ya Westmorland, ambayo sasa imo katika jumba la J. Paul Getty huko California, vichwa na miili ya jamaa na marafiki imetiwa ndani ya chupa ya achari. Ndiyo, chupa ya achari za kuchanganya, yenye lebo, iliyochorwa vizuri kabisa, na watu wa heshima wamo ndani wamebanana. Waliotengeneza ukurasa huo ni Countess wa Yarborough na Eva Macdonald. Naye Kate Gough, mwishoni mwa miaka ya 1870, alichora bata wakiogelea kwenye bwawa lenye majani, akawapa vichwa vya wanawake, nyuso tulivu zenye nywele zilizosukwa kwa mtindo wa wakati ule. Kwingineko utakuta nyuso zimepangwa juu ya upepeo wa mkono, juu ya mwavuli, au zimenaswa katika utando wa buibui.

Kwa nini mtu amgeuze binamu yake kuwa bata? Kitabu cha Darwin juu ya asili ya viumbe kilitoka mwaka 1859, na mazungumzo juu ya undugu wa binadamu na wanyama yalifika mpaka mezani kwa mabibi hawa. Sababu hiyo nadhani imo. Lakini iko nyingine iliyo nzito kuliko hiyo. Mchezo ule wenyewe ulikuwa tangazo la daraja. Mtu anayeogopa kwamba jirani atamdharau hawezi kumtia mama yake katika chupa ya achari. Atamweka katikati ya ukurasa, wima, amevaa nguo ya kanisani. Anayeweza kucheza na sura za wakubwa ni yule ambaye wakubwa hao ni wajomba zake. Isitoshe, kazi ile ilidai saa nyingi: kukata ncha za vidole bila kuzichana, kuchanganya rangi ya maji ya bwawa, kungoja gundi ikauke. Karani alikodi nguzo ya marumaru ya uongo. Muda wa namna ile, na mkono uliofundishwa namna ile, hakuweza kuvikodi popote.

Na tusisahau akili iliyotumika. Nusu karne baadaye wasanii wa kiume wa Ulaya walianza kukata picha na kuzibandika, wakasifiwa kwamba wamevumbua sanaa mpya. Mabibi hawa walikuwa wamekwisha kufanya hivyo, kwa ustadi, katika vitabu vya sebuleni. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 2009 ndipo jumba la sanaa la Chicago lilipofanya maonyesho makubwa ya kazi zao, yaliyopangwa na Elizabeth Siegel. Linaniuma jambo hilo, nasema wazi. Linaniuma pia jinsi albamu nyingi zilivyotendewa. Clementina, Viscountess Hawarden, alipiga picha mwenyewe nyumbani kwake London, mabinti zake wakiwa mbele ya madirisha na vioo, kazi ambayo mimi naiweka juu kuliko za wanaume wengi wa wakati wake. Alifariki mwaka 1865. Mwaka 1939 mjukuu wake aliipa Makumbusho ya Victoria na Albert picha 775, na nyingi kati yake zina pembe zilizochanika, kwa sababu zilibanduliwa kwa nguvu kutoka kwenye albamu za familia. Picha tunazo. Mpangilio umepotea, na mpangilio ndio uliosema nani alimkabili nani pale kitabu kilipofunguliwa.

Naomba sasa tuingie London, kwenye studio ya Camille Silvy, Mfaransa aliyefungua kazi yake mwaka 1859 huko Porchester Terrace, karibu na bustani ya Hyde Park. Silvy ndiye aliyependwa na wenye vyeo. Alikuwa na mazoea ambayo leo tunamshukuru kwayo: kila mteja alipopigwa picha, nakala moja ilibandikwa katika daftari la kazi, ikapewa namba. Madaftari hayo yanatunzwa na jumba la picha za watu mashuhuri la London, na yana vikao kama 17,000. Humo, kati ya wana wa wafalme, maofisa na mabinti wa ukoo, kuna mwanamke Mwafrika wa mwaka 1862.

Jina lake la kwanza lilikuwa Aina. Alikuwa Myoruba aliyetekwa na jeshi la Dahomey akiwa mtoto. Mwaka 1850 Mfalme Ghezo wa Dahomey alimtoa kama zawadi kwa nahodha Mwingereza, Frederick Forbes, na nahodha akampa jina lake na jina la meli yake: Sarah Forbes Bonetta. Malkia Victoria aligharimia malezi yake. Agosti 1862 aliolewa mjini Brighton na James Davies, mfanyabiashara Mwafrika, na mwezi uliofuata wakaenda kwa Silvy. Katika picha ile amevaa gauni pana la hariri la mtindo wa siku zile, na macho yake hayaombi chochote. Picha yake ilikuwa na ukubwa ule ule wa kadi ya duchess. Hilo ndilo lililowezekana ndani ya kamera. Kwenye albamu mambo yalikuwa mengine: hapo alikuwa chini ya uamuzi wa mkono wa mtu mwingine, na angeweza kuwekwa kati ya marafiki, au ukurasa wa mwisho pamoja na vitu vya ajabu kutoka ng'ambo.

Miaka 10 baadaye alifika London mtoto kutoka upande wetu. Aliitwa Ndugu M'Hali. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipewa mtoto huyo Unyanyembe, jirani na Tabora, naye akambadilisha jina akamwita Kalulu. Mwaka 1872, Stanley akiwa na sifa mpya ya kumpata mmisionari David Livingstone, wawili hao waliingia studio ya London Stereoscopic Company wakapigwa picha mbele ya mandhari ya kuchorwa, Stanley na mavazi yake ya safari, Kalulu kando yake kama mtumishi wa msafara. Kadi zikauzwa. Wapo watu wa Uingereza waliomtia mtoto huyu katika albamu zao bila kujua jina alilopewa na mama yake. Alikufa maji mwaka 1877 katika maporomoko ya mto Kongo, akiwa safarini na Stanley yule yule.

Mwaka 1874 walikwenda Uingereza Abdullah Susi na James Chuma, wale waliosimamia kuubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, alikofia, mpaka pwani. Walikaribishwa Newstead Abbey, nyumba kubwa ya rafiki wa marehemu, na huko walipigwa picha pamoja na watoto wa Livingstone na mchungaji Horace Waller. Picha hiyo naipenda kwa jambo moja. Susi na Chuma wamo kati ya familia, na kazi iliyowaleta wote pamoja, kuyafafanua madaftari ya marehemu, isingewezekana bila kumbukumbu zao wawili.

Halafu mwaka 1875 akaja Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, miaka miwili baada ya kutia saini mkataba uliopiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini. Studio ya Maull ilimpiga picha pamoja na washauri wake, kwa majoho na vilemba vya Kiarabu. Barghash alikuwa mtawala mgeni wa taifa, amepokelewa na malkia, na alikaa mbele ya kamera kwa mavazi na cheo chake mwenyewe. Hakuna aliyempa jina jingine. Lakini wakati huo huo alikuwapo London dada yake, Sayyida Salme, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete. Alikuja kutafuta suluhu na kaka yake, akazuiwa kwa ahadi za maofisa wa Uingereza, akarudi Ujerumani bila kuonana naye. Tunayo picha yake aliyopigwa Hamburg miaka ya nyuma. Kila siku alivaa Kizungu, ila kwa ajili ya picha hiyo alivaa mavazi ya binti mfalme wa Zanzibar. Mjini ambamo alikuwa mke wa mfanyabiashara tu, picha ile ndiyo iliyobeba ukoo wake.

Wote hao walitoka mbali. Lakini wapo watu walioishi nyumba moja na albamu hizi, waliopangusa meza zilipowekwa, waliowasha moto wa sebule kabla mabibi hawajaamka, na ambao ni nadra kuwaona ndani. Nyumba kubwa ilikuwa na watumishi 20, 30, wakati mwingine zaidi. Katika sebule alizozichora Lady Filmer na wenzake, hakuna anayeleta chai. Chai ipo mezani tu. Mbwa ana nafasi.

Mmoja wa watumishi hao, si wa nyumba ya Filmer, alijitengenezea historia ya picha isiyofanana na nyingine. Hannah Cullwick alizaliwa Shropshire mwaka 1833, akaanza utumishi akiwa mtoto. Alikuwa wa daraja la chini hata kati ya watumishi: kusugua sakafu, kung'arisha viatu, kusafisha mafiga. Mwaka 1854 alikutana London na Arthur Munby, mwanasheria na mshairi wa familia yenye nafasi, na kati yao likaanza penzi la siri lililodumu maisha yao yote. Munby alimwomba aandike shajara ya kazi zake za kila siku, naye akaandika kwa miaka mingi. Munby pia alimpeleka studio.

Picha zile mimi siwezi kuziangalia upesi. Katika moja Hannah ni mjakazi, mikono wazi mpaka juu ya viwiko, kashika brashi. Katika nyingine, ya mwaka 1862, amejipaka masizi mwili mzima, ni msafisha dohani, ameinama. Katika nyingine amevaa suruali na koti, ni mwanamume. Na katika nyingine ni bibi: gauni la heshima, nywele zimetengenezwa, uso umetulia, na ukiwekewa picha hiyo kati ya kadi za Silvy huwezi kumtofautisha. Shingoni katika baadhi ya picha amevaa mnyororo wenye kufuli, ambao ufunguo wake ulikaa kwa Munby. Sitaki kulipamba jambo hilo. Mwanamume mwenye cheo alimtumia mwanamke asiye na cheo kutimiza shauku zake, na nguvu zao hazikuwa sawa. Lakini shajara ya Hannah inatuzuia kumwona kama mwanasesere. Aliandika kwa fahari juu ya mikono yake mikubwa, yenye sugu na wekundu wa maji baridi. Alijua kuwa anaweza kuwa bibi mbele ya kamera, na alijua pia gharama ya kuwa bibi: kukaa, kungoja, kutembelea na kutembelewa, kutofanya kazi yoyote ambayo mwili wake uliijua.

Walioana kwa siri Januari 1873. Munby alitamani awe bibi wa nyumba waziwazi. Hannah alikataa. Waliishi kwenye vyumba vya Munby katika mtaa wa wanasheria wa Temple, na mbele ya wageni alikuwa mtumishi. Jioni zingine, mlango ukifungwa, alivaa gauni la bibi na kukaa na mumewe. Mwaka 1877 aliondoka London, na baadaye akaishi Shropshire alikozaliwa, Munby akimfuata huko kumtembelea, mpaka alipofariki mwaka 1909.

Munby alifariki mwaka uliofuata, na wosia wake ndio uliowatangazia watu kwamba alikuwa na mke, na kwamba mke huyo alikuwa mtumishi. Magazeti yakaandika. Picha na shajara alizitoa kwa Makumbusho ya Uingereza, yakakataa. Zikaenda chuo cha Trinity huko Cambridge, alikosoma, katika masanduku yaliyofungwa kwa sharti kwamba yasifunguliwe kabla ya mwaka 1950. Yalipofunguliwa, Hannah alikuwamo mara nyingi kuliko mabibi wengi walivyomo katika albamu zao wenyewe, na maelezo ya maisha yaliyozizunguka picha hizo ameyaandika kwa mkono wake.